Etanoli ya miwa na mihogo: gramu chache za uchafu zinaweza kusimamisha kiwanda kizima

Alkoli inayotoka katika miwa, mahindi ao mihogo haichomwi tu ndani ya injini za magari. Brazil wanaigeuza kuwa plastiki. India wanatengeneza nayo kemikali inayoingia katika chupa za maji na nguo. Sweden wanatoa humo asidi ya siki na dawa za kuyeyushia rangi. Ufaransa wanajaribu kutengeneza nayo mpira wa magurudumu. Kwa miaka mingi vitu hivyo vyote vilitoka katika mafuta yanayochimbwa chini ya ardhi, na leo kampuni nyingi zinataka vitoke shambani.

Lakini kati ya shamba na kiwanda cha kemikali kuna kizuizi ambacho hakizungumzwi sana. Ni uchafu usioonekana kwa macho. Alkoli inaweza kuwa nyeupe kama maji ya chemchemi, ikawaka vizuri, ikaendesha gari bila shida, na bado ikakataliwa mlangoni mwa kiwanda kwa sababu ya gramu chache za chumvi ao salfa ndani ya tani nzima.

Jambo hili linawahusu pia wakaaji wa mashariki mwa Kongo. Miwa inaota katika bonde la Ruzizi, mihogo iko karibu katika kila kijiji, na Kongo ni moja kati ya nchi zinazolima mihogo mingi zaidi duniani. Yeyote anayewaza kiwanda cha alkoli kwetu anapaswa kujua mapema ni nani atakayeinunua, na mnunuzi huyo anataka usafi wa namna gani.

Alkoli inageukaje kuwa plastiki

Etanoli ndiyo ile alkoli iliyo ndani ya bia, kasiksi na lutuku. Chachu inakula sukari, inatoa alkoli na gesi. Kisha mchanganyiko unachemshwa, mvuke unapozwa, na alkoli inatengana na sehemu kubwa ya maji.

Ili kupata plastiki, mvuke wa etanoli unapitishwa juu ya punje nyeupe za alumina, kwenye moto wa nyuzi kati ya 300 na 500. Hapo etanoli inapoteza maji yake na kubaki gesi inayoitwa etileni. Etileni ikiungwa kama mnyororo mrefu inakuwa polietileni, yaani plastiki ya mifuko, bidoni na mabeseni tunayoyaona kila siku sokoni. Ili kupata tani 1 ya etileni, kiwanda kinahitaji karibu tani 1.7 za etanoli.

Mfano unaojulikana zaidi uko Triunfo, kusini mwa Brazil. Kampuni ya Braskem ilifungua huko mwaka 2010 kiwanda cha kutoa tani 200,000 za etileni kwa mwaka kutoka katika etanoli ya miwa. Mwaka 2023 uwezo huo uliongezwa hadi tani 260,000. India ilitangulia: kiwanda cha India Glycols katika mji wa Kashipur kilianza mwaka 1989 kutengeneza glikoli kutoka katika alkoli ya molasi, ule uji mweusi unaobaki baada ya kutoa sukari. Glikoli hiyo ndiyo sehemu moja ya plastiki ya chupa za maji na soda.

Zile punje za alumina zinaitwa kichocheo. Kichocheo kinafanya kazi kama jiwe la kusagia: linasaga mahindi siku nzima, lakini lenyewe halitoki pamoja na unga. Juu ya kila punje kuna nafasi ndogo sana, tuseme viti, ambapo etanoli inakaa, inaacha maji yake, kisha inaondoka na kumwachia mwingine nafasi. Kazi inaendelea hivyo mwezi baada ya mwezi. Lakini kukija mgeni anayekaa kwenye kiti na kukataa kuondoka, kiti hicho kimekufa. Viti vikikaliwa kimoja baada ya kingine, kiwanda kinapunguza mwendo, kinaongeza moto ili kujikaza, na mwisho kinasimama.

Hesabu ndogo inayotisha

Watu wa kemikali wanapima uchafu kwa sehemu moja kwa milioni, maana yake gramu 1 katika tani 1. Kwa mtu wa kawaida hicho si kitu. Ni kama chumvi inayoshikwa kwa vidole viwili na kutupwa ndani ya tangi la litre elfu moja.

Sasa tufanye hesabu. Kiwanda kinachotoa tani 200,000 za etileni kwa mwaka kinatumia karibu tani 340,000 za etanoli, ambazo ni zaidi ya litre milioni 400. Ikiwa kila tani inaleta gramu 1 tu ya sodiumu, ambayo ni sehemu moja ya chumvi ya kawaida, basi kwa mwaka mmoja kilo 340 za sodiumu zimeingia kiwandani. Etanoli inapita na kuondoka ikiwa gesi. Sodiumu haigeuki kuwa gesi, kwa hiyo inaanguka njiani: katika mabomba, katika mashini za kupasha moto, na juu ya kichocheo chenyewe.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya injini na kiwanda. Gari linachoma alkoli na kutoa moshi nje. Kiwanda kinapitisha alkoli juu ya punje zilezile mamilioni ya mara, na punje hizo zinaweka kumbukumbu ya kila uchafu uliopita.

Uchafu unatoka wapi

Sehemu kubwa inatoka katika mmea wenyewe na katika namna ulivyotayarishwa.

Chachu haitoi etanoli peke yake. Inatoa pia asetaldehidi yenye harufu kali ya matunda, asidi ya siki, na alkoli nzito kama vile alkoli ya amili na propanoli. Wanaopika lutuku ao kanyanga wanajua kwamba matone ya kwanza hayanuki sawa na ya katikati, na ya mwisho yana ladha nyingine tena. Wanachonusa ni uchafu huo, unaotoka kwa zamu kulingana na moto.

Methanoli, ile alkoli yenye sumu inayopofusha macho, inatokana na pektini, kitu kinachoshikanisha nyama ya matunda na nyuzi za mimea. Ndiyo maana alkoli ya matunda inaweza kuwa na methanoli nyingi kuliko ile ya nafaka.

Salfa ina njia nyingi za kuingia. Katika viwanda vingi vya sukari, hasa India, maji ya miwa yanasafishwa kwa moshi wa salfa ili sukari iwe nyeupe. Mabaki yake yanabaki ndani ya molasi. Brazil wana desturi ya kuosha chachu kwa asidi ya salfa ili kuua vijidudu kabla ya kuitumia tena. Njia hiyo inasaidia sana, lakini isiposimamiwa vizuri inaacha sulfati ndani ya alkoli.

Mihogo ina habari yake. Mihogo michungu ina linamarini, ile sumu ambayo mama zetu wanaiondoa kwa kuloweka mihogo siku tatu ao zaidi. Linamarini ikivunjika inatoa sianidi na asetoni, na vyote viwili ni vyepesi, vinaweza kupanda pamoja na mvuke. Kiwanda cha alkoli ya mihogo kinapaswa kuvihesabu tangu mwanzo.

Kisha kuna uchafu unaoletwa na mikono ya watu. Vijidudu vinavyoota katika pipa lisilosafishwa vinageuza sukari na alkoli kuwa asidi. Mtungi wa shaba unaacha shaba kidogo ndani ya alkoli. Maji yenye chumvi yanaacha sodiumu na kloridi. Kamioni iliyobeba mazutu wiki iliyopita inaacha salfa na mafuta. Alkoli inaweza kutoka safi kabisa mahali ilipopikwa na kufika kwa mnunuzi ikiwa imeharibika.

Kila uchafu unaua kwa namna yake

Alumina inafanya kazi kwa sababu viti vyake vina tabia ya asidi. Sodiumu, potasiumu na amonia vinazima asidi hiyo, kama vile majivu yanavyozima uchachu. Amonia inaweza kuondoka tena moto ukiwa mkali, sodiumu inabaki.

Asetaldehidi inafanya jambo lingine. Kwenye moto, chembe zake zinashikana zenyewe kwa zenyewe, zinakuwa nzito zaidi na zaidi, mwishowe zinageuka kuwa masizi meusi yanayofunika punje. Masizi hayo yanaweza kuchomwa kwa hewa ya moto, lakini kwa kufanya hivyo kiwanda kinapaswa kusimamisha kazi, na kila siku ya kusimama ni hasara.

Alkoli nzito haziui kichocheo haraka. Zenyewe zinageuka gesi pia, lakini gesi nyingine: propanoli inakuwa propileni, alkoli ya amili inakuwa penteni. Gesi hizo zinachanganyika na etileni na zinapaswa kutolewa baadaye kwa kupozwa katika baridi kali, kazi inayokula umeme mwingi. Mnunuzi wa etileni ya plastiki anataka usafi wa zaidi ya asilimia 99.9, kwa sababu kichocheo cha kuunga mnyororo wa plastiki ni kidhaifu kuliko alumina. Gesi ya monoksidi ya kaboni, ile inayoua watu waliofunga madirisha na kuacha jiko la makala likiwaka, inaua pia kichocheo hicho, hata ikiwa ni sehemu chache tu kwa milioni.

Salfa ndiyo adui mkubwa wa vichocheo vya chuma. Viwanda vingi vinavyogeuza etanoli kuwa asetaldehidi vinatumia shaba ao fedha. Wachimbaji wa Kolwezi wataelewa haraka: katika mawe ya sulfidi, shaba na salfa vimeshikana tangu mamilioni ya miaka, na kuvitenganisha kunahitaji tanuru. Ndivyo inavyotokea ndani ya kiwanda cha kemikali. Salfa inayopita katika alkoli inakumbatia shaba ya kichocheo, na ndoa hiyo haivunjiki kwa urahisi.

Adui hapa, rafiki kule

Mtu angeweza kufikiri kwamba dawa ni kusafisha alkoli hadi isibaki kitu. Sivyo. Uchafu unahukumiwa kulingana na kitu kinachotengenezwa.

Maji ni mfano wa kwanza. Alkoli ya kuchanganya na esanse inapaswa kukaushwa karibu kabisa, na kazi hiyo ni ya gharama, kwa sababu kuchemsha kwa kawaida hakupiti asilimia 95.6 ya alkoli kwa uzito. Lakini kiwanda cha etileni hakina haja ya alkoli kavu. Kinaongeza hata mvuke wa maji kwa makusudi, kwa kuwa mvuke unabeba joto na kupunguza masizi. Kumlipa mtu akaushe alkoli kisha kuirudishia maji ni kutupa pesa.

Asetaldehidi ni mfano wa pili. Inachafua kiwanda cha etileni, lakini katika kutengeneza butadieni, kemikali ya mpira, ndiyo kiungo chenyewe. Mrusi Sergei Lebedev ndiye aliyeonyesha njia ya kutoa butadieni katika alkoli, na mwaka 1932 kiwanda cha kwanza kikubwa kilianza kazi katika mji wa Yaroslavl, kikitumia alkoli ya viazi na nafaka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani ilipokosa mpira wa Asia, ilijenga viwanda vya namna hiyo, kimoja kikiwa katika mji wa Institute, West Virginia. Njia ya Wamarekani ilichanganya etanoli na asetaldehidi kwa makusudi. Baada ya vita, mafuta ya petroli yakawa rahisi na alkoli ikasahauliwa.

Leo imerudi. Mwanzoni mwa mwaka 2024, Michelin na washirika wake walizindua huko Bassens, karibu na Bordeaux, kiwanda cha majaribio cha kutoa butadieni katika etanoli ya mimea. Butadieni ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mpira wa kutengenezwa ulio ndani ya magurudumu ya magari na moto, yaleyale ambayo yakichakaa Goma yanakatwa na kufungwa kwenye magurudumu ya chukudu.

Mfano wa tatu ni klorini. Inaharibu vichocheo vya shaba, lakini wenye kutengeneza oksidi ya etileni, hatua inayotangulia glikoli, wanaongeza klorini kidogo sana juu ya kichocheo chao cha fedha ili kisichome gesi ovyo. Ikizidi, kazi inalala. Ikipungua, etileni inaungua bure.

Alkoli ya gari haitoshi

Kanuni za etanoli zinazojulikana zaidi ziliandikwa kwa ajili ya magari. Kanuni ya Marekani inaruhusu maji hadi asilimia 1, methanoli hadi asilimia 0.5, sulfati hadi sehemu 4 kwa milioni, na shaba hadi miligramu 0.1 kwa kilo. Ulaya inaruhusu salfa hadi miligramu 10 kwa kilo. Mipaka hiyo ina maana kwa injini: sulfati inaziba sindano za kupulizia mafuta, na shaba inafanya esanse ioze haraka na kutoa gundi.

Turudi kwenye hesabu yetu. Kiwanda cha etileni kinachotumia tani 340,000 kwa mwaka, kikipokea alkoli yenye sulfati sehemu 4 kwa milioni, kinaingiza kilo 1,360 za sulfati kwa mwaka. Alkoli hiyo ni halali kabisa kwa gari. Kwa kichocheo ni zaidi ya tani moja ya matatizo. Tena, Marekani alkoli ya magari inachanganywa na kiasi kidogo cha mafuta ya aina ya esanse ili watu wasiinywe, na mchanganyiko huo nao unaingiza vitu ambavyo kiwanda cha kemikali hakivitaki.

Ndiyo sababu neno "etanoli" peke yake halitoshi katika mkataba. Muuzaji anasema asilimia 99, mnunuzi anauliza: na ile asilimia 1 inayobaki ni kitu gani?

Kusafisha ni pesa, kuzuia ni rahisi zaidi

Njia za kusafisha zinajulikana. Mnara wa kwanza unaondoa vitu vyepesi kama asetaldehidi. Kuongeza maji ndani ya mnara kunasaidia kusukuma uchafu fulani juu, nao unatolewa. Alkoli nzito zinachotwa katikati ya mnara na kuuzwa kando, kwa maana zina wanunuzi wao katika viwanda vya rangi na manukato. Chumvi zinakamatwa na punje za resini, kama zile zinazolainisha maji. Harufu na baadhi ya salfa vinakamatwa na makala maalumu. Mwishoni, viwanda vingi vinaweka mbele ya kichocheo cha bei kubwa tabaka la kichocheo cha bei ndogo, kazi yake ikiwa kufa kwanza ili kile cha nyuma kiishi.

Lakini kila mnara unahitaji moto, kila resini inahitaji kuoshwa, na kila lita inayotupwa pamoja na uchafu ni alkoli iliyopotea. Faida ya kemikali za mimea ni nyembamba, kwa sababu zinashindana na kemikali za petroli zinazotengenezwa kwa wingi mkubwa. Mara nyingi, gharama ya kusafisha ndiyo inayoamua kama kiwanda kitapata faida ao kitafungwa.

Kwa hiyo wenye uzoefu wanapigana na uchafu mahali unapozaliwa: miwa inasagwa mapema kabla haijaoza, mapipa yanaoshwa, asidi inapimwa badala ya kumiminwa kwa macho, maji yanachunguzwa, na kamioni ya alkoli haibebi kitu kingine. Kupima kunaweza kuanza kwa kifaa kidogo. Alkoli safi inapitisha umeme kidogo sana. Chumvi ikiingia, umeme unapita zaidi. Brazil wameweka kipimo hicho ndani ya kanuni zao. Hakioni salfa yote wala methanoli, lakini kinaonyesha mapema kwamba kuna kitu kimeingia.

Nini cha kukumbuka kwetu

Mashariki mwa Kongo haihitaji kuanza na kiwanda kama cha Triunfo. Hatua inayowezekana ni ndogo: alkoli ya dawa za kuua vijidudu, alkoli ya maabara, alkoli ya rangi na manukato. Mwaka 2020, corona ilipofunga mipaka, kila mtu aliona namna alkoli ya kunawia mikono ilivyokuwa ya lazima. Masoko hayo nayo yanauliza habari ya usafi, na kiwanda kinachojifunza kuyajibu kinajitayarisha kwa wanunuzi wakubwa zaidi.

Mwekezaji akija kwenye chefferie ao kwenye ushirika wa wakulima na kuahidi kununua mihogo ao miwa kwa ajili ya etanoli, kuna maswali matatu ya kumuuliza kabla ya kutoa mashamba. Alkoli hiyo itauzwa kwa nani: kwa magari, kwa hospitali, ao kwa kiwanda cha kemikali? Ni maabara gani itakayopima uchafu, na majibu yataonyeshwa kwa nani? Na shehena ikikataliwa, ni nani atabeba hasara?

Swali la tatu ndilo zito. Mkulima anapimiwa mihogo yake kwa kilo, lakini alkoli inahukumiwa kwa gramu ndani ya tani. Kama mkataba hausemi kitu juu ya usafi, siku alkoli itakaporudishwa, bei ya mihogo ndiyo itakayoshushwa, hata kama uchafu uliingia katika pipa ao katika kamioni ambayo mkulima hakuigusa.